Lupango ya Frigoliti

Watu wakisikia kwamba mimi, mwanaume mzima mwenye ndevu na mke, nacheza na askari wa plastiki, huniangalia miguuni kwanza, kisha usoni, kama wanaotafuta ugonjwa umeingilia wapi. Zamani nilikuwa nikijieleza. Siku hizi nimeacha, maana nina hasira za karibu, na kila nikijieleza naishia kugombana na mtu ambaye alikuwa ananisalimia tu.

Mchezo wenyewe si mgumu. Wawili mnakaa mezani, kila mmoja na askari wake, mnatupa dadu, mnapima hatua kwa rula, na anayefika kwanza mahali mlipokubaliana ndiye mshindi. Rafiki yangu, mwalimu wa hesabu wa sekondari, ndiye aliyenifundisha, naye alijifundisha kwenye simu. Yeye anapenda dadu. Anapenda kunishinda, kisha kunieleza taratibu kwa nini ilikuwa lazima anishinde. Mimi tangu siku ya kwanza nilipenda ardhi: vilima, kuta, nyumba, vichaka, vyote vile vinavyopangwa mezani ili askari wapate pa kujificha. Askari tuliwanunua kwa mfuko, wa kijani na wa kahawia, kwenye duka la michezo ya watoto. Ardhi ilibidi tuitengeneze wenyewe, kwa sababu ile inayouzwa Ulaya hata kuiangalia kwenye simu ni kujitesa bure.

Kwa bahati, nafanya kazi kwa baba mdogo, ambaye anauza friji na televisheni kwa jumla hapa katikati ya Lubumbashi. Sisi ni watu wa Butembo, na ukoo wetu ukikosa kitu cha kuuza hauna raha. Nyuma ya depo yake kulikuwa na rundo la makatoni na frigoliti, kile kitu cheupe chepesi kinacholinda friji isigongwe njiani. Kila mara rundo likizidi walilichoma, na moshi mweusi ukawakohoza majirani wote. Nikamwomba baba mdogo aniachie. Akasema, "Beba yote. Lakini usiniletee mambo."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, saa za mapumziko, nimekaa juu ya katoni ya friji. Niligundua kwamba kisu kilichopashwa moto kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kinakata frigoliti safi bila kuimwaga punje. Trei ya mayai ukiikata vipande vidogovidogo unapata matofali. Katoni ukiibandua karatasi ya juu unakuta mabati ya mjengo yamejipanga tayari, yanangoja tu rangi ya kutu. Unga wa mbao wa seremala, ukichanganywa na rangi ya kijani, ni majani. Udongo mwekundu unao chini ya miguu yako, ila lazima uchungwe, na mimi niliuchunga kwa chekecheke ya mke wangu ya unga. Mpaka leo bukari, ugali wetu, ikisaga mchanga mdomoni, hata kama tumekula kwa watu, mke wangu ananigeukia mimi.

Makosa hayakukosekana. Kilima changu cha kwanza nilikipuliza rangi ya kopo, ile ya magari, na frigoliti ikaanza kunywea mbele ya macho yangu mpaka kilima kikawa shimo. Nilipiga teke ndoo iliyokuwa karibu. Ndoo ilikuwa imejaa saruji iliyoganda, na nilichechemea siku kadhaa.

Halafu ikanijia hasira nyingine, iliyo bora zaidi. Picha zote tulizokuwa tunaiga kwenye simu zilikuwa za ngome na theluji. Nilikuwa nimetengeneza theluji kwa chumvi na gundi, nikaiangalia, nikajiuliza: theluji ya nani? Nani kati yetu aliwahi kuikanyaga? Nikaifuta meza. Nikaamua nitajenga mahali ninapopajua, yaani kwetu, mtaa tunaouita komuni ya Kenya, lupango yetu.

Lupango ndilo jina tunalolipa hapa Lubumbashi kiwanja chenye ukuta mmoja na watu wengi ndani. Katika yetu kuna nyumba kubwa ya mama mwenye lupango, vyumba vya sisi wapangaji, bomba la maji katikati, na mparachichi ambao chini yake msusi mmoja, mpangaji mwenzetu, huketisha wateja wake. Mwenye lupango ni mjane. Marehemu mume wake alikuwa mtu wa reli, na wote wawili asili yao ni Mitwaba, kule kaskazini. Ni mama wa misa ya kwanza, wa maneno machache, na akipita unajikuta umeficha sigara hata kama huvuti.

Lakini kwa mke wangu alikuwa mtu mwingine. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Kwetu, mtoto wa kwanza anapokaribia, mama wa mke anakuja. Ndiye anayemwogesha mzazi kwa maji ya moto, ndiye anayemfunga tumbo, ndiye anayemshikia mtoto siku zile ambazo mzazi hajui hata amshike wapi. Mama mkwe wangu alikuwa Butembo, na kwa vita vya kule hakukuwa na njia ya kumleta. Mke wangu alikuwa analia jikoni akidhani simsikii. Mama mwenye lupango alimsikia kabla yangu. Alikuja siku moja na kikwembe chake cha zamani, yaani kitenge, cha buluu chenye ndege, kilichofuliwa mpaka kikawa laini kabisa, akakiweka mapajani mwa mke wangu.

"Mutoto wa kwanza anapokelewaka mu kikwembe ya mama," alisema. "Hapana mu kitambaa mupya. Miye niko. Usilie tena."

Basi sasa nieleze jinsi nilivyoharibu.

Lupango yangu ya frigoliti ilikuwa nzuri, nasema bila aibu. Bomba lilikuwa na dimbwi lake la gundi inayong'aa. Mparachichi ulikuwa na majani ya sponji. Nyumba ya mama ilikuwa na ukuta wake uliopasuka pembeni, na paa lake niliweza kulitoa na kulirudisha, ili askari wakiingia ndani tuwaone. Kwenye paa la jiko lake la nje nilitaka nyasi, nikaona meshi, zile nywele za kununua, zimetapakaa chini ya mparachichi. Siku hiyo msusi alikuwa amemsuka mama mwenyewe. Nikaziokota. Kisha nikatengeneza watu kwa waya na nta ya mshumaa: msusi, kijana wa pikipiki, mke wangu na tumbo lake. Nilipofika kwa mama nilitaka buluu yake, ile yake hasa, na rangi zote za dukani zilikuwa za uongo. Nikakata pembe ndogo ya kile kikwembe, nikamvalisha.

Mtu yeyote wa hapa anayesoma hadi hapa ameshashika kichwa. Sanamu ndogo ya mtu, imevikwa nguo yake mwenyewe, na nywele juu ya paa la jiko lake! Kitu hicho kina jina kwetu, na jina lake halitamkwi kwa sauti kubwa. Nami nililijua jina hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimeitazama dunia kwa kimo cha meza muda mrefu mno. Kila kitu nilichokiona kilikuwa kifaa, na nikasahau kwamba vitu vina wenyewe.

Lupango yangu niliileta nyumbani kutoka depo Jumamosi, juu ya mkokoteni, nimeifunika shuka kwa kuogopa mvua. Njia za Kenya unazijua: mashimo, madimbwi, mashimo. Niliiweka mezani, nikatoa paa la nyumba kubwa ili gundi ikauke, nikaenda bombani kunawa. Mke wangu alikuwa sokoni. Mama mwenye lupango akaingia na sahani ya matamba, majani ya muhogo, chakula pekee ambacho mke wangu hakukikataa siku zile.

Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya meza. Nyumba yake haina paa. Ile sanamu yake, kwa kurushwarushwa na mkokoteni, ilikuwa imelala chini kifudifudi nje ya mlango.

"Ile kikwembe ni yangu," alisema.

Alifanya ishara ya msalaba, akatoka. Aliondoka na sahani yake.

Kuanzia hapo lupango yote ilibadilika. Nikisalimia, watu wanapata ghafla kazi ya kufanya mgongoni mwao. Msusi alihamishia kiti chake upande wa pili wa mti. Mama alipandisha tensheni, presha ya damu, akakaa ndani, na kila aliyetoka kumwona alipita mbele ya mlango wetu kwa mwendo wa haraka. Kisha akaja mpwa wake, kijana wa heshima, akabaki amesimama nje.

"Papa, tantine anasema mutafute kwingine. Mwezi ikiisha, mutoke."

Hapo ningeweza kueleza. Badala yake nilipandwa. "Iko frigoliti!" nilipiga kelele, lupango nzima ikisikia. "Frigoliti na katoni! Hamujaonaka frigoliti? Bashamba ninyi!" Kijana wa watu aliondoka, na nikabaki mlangoni napumua, mshindi wa vita ambavyo nilikuwa nimeshindwa vibaya sana.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono juu ya tumbo. "Nyumba tutapata," aliniambia. "Mama, nitamupata wapi?"

Sitaficha: niliogopa. Sikuogopa kuhama, kwa maana tumehama mara nyingi na mizigo yetu si mingi. Niliogopa kumwona msichana huyu anazaa mtoto wake wa kwanza bila mikono ya mama hata mmoja, na sababu iwe mimi na mchezo wangu wa plastiki.

Rafiki yangu mwalimu alikuja, akasikiliza, akasema kwa hesabu zake hakuna njia nyingine, lupango ile ichomwe. Nilikuwa nimeshachukua kiberiti. Mke wangu akasimama kati yangu na meza, na kwa tumbo lile hakukuwa na pa kupita.

"Ukichoma, umekubali," alisema. "Muntu wa bubaya njo anachomaka bintu yake. Uliileta na shuka juu yake, njo makosa yako. Toa inje, mchana, kila muntu aone."

Kile kipande cha kikwembe tulikirudisha. Aliketi akakishona mahali pake kwa uzi mweupe, polepole, bila kuniangalia. Ile sanamu ya mama niliifungua, nikanyoosha waya, nikaweka nta pembeni. Nilidhani ndiyo heshima.

Jumapili ya wiki iliyofuata, watu walipokuwa wametoka misa, mimi na mwalimu tulibeba meza mpaka katikati ya lupango, karibu na bomba. Niliweka frigoliti, trei ya mayai, ndoo ya udongo, mbabula na kisu changu. Nikaanza kukata, kana kwamba niko peke yangu depo. Sikumwita mtu. Milango ilikuwa wazi na kila mlango ulikuwa na macho.

Wa kwanza kusogea alikuwa msusi. Alikuja hatua kwa hatua, mikono mgongoni.

"Ile ya juu ya jiko," alisema, "si ni meshi yangu?"

"Yako. Ile ulitupa chini ya muti."

Aliinama, akaigusa kwa ncha ya kidole, akaanza kucheka. "Jamani, ni meshi! Banasema ni nywele ya muntu! Miye silali tangu Jumamosi!" Kisha uso ukabadilika, akaonyesha bomba. "Sasa robine, juu ya nini uliiweka pale? Robine iko uku!"

Hapo wote wakasogea. Kijana wa pikipiki aliuliza pikipiki yake iko wapi, nikaikunja kwa waya palepale. Mwingine alilalamika kwamba chumba chake nimekifanya kidogo kuliko cha jirani, na jirani akasema ndivyo kilivyo. Walibishana kuhusu idadi ya matawi ya mparachichi. Mtu aliyekuwa ananipita kwa mbio siku ile ya juzi alinishika bega akaniambia choo nimekipendelea sana, kwa kweli hakina mlango mzuri hivyo. Mwalimu alikuwa anacheka mpaka anapangusa miwani. Mimi nilikuwa nacheka nusu tu, kwa sababu jicho langu moja lilikuwa barazani, ambako mama mwenye lupango alikuwa ameketi na rozari yake bila kusogea.

Kisha akainuka. Alikuja taratibu, ameshika mgongo wa kiti hiki na kile, mpaka mezani. Aligusa sanamu moja.

"Huyu ni nani?"

"Musuki wa meshi, mama."

"Na huyu?"

"Bibi yangu na tumbo yake."

Alitafuta kwa macho, kona hadi kona. "Na miye?"

"Mama, niliondosha," nilisema. "Juu usikasirike."

"Ulinifukuza mu lupango yangu miye mwenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Yeye akanyoosha kidole kwenye nyumba yake, ambayo paa lake lilikuwa limelala pembeni.

"Na toiture?"

"Inatokaka, mama. Juu basoda baingie."

"Basoda banatafuta nini kwangu?"

Nimecheza mchezo huu miaka, nimesoma sheria zake zote, na hakuna ukurasa unaosema askari wanatafuta nini nyumbani kwa mtu.

Mama aliongea akiiangalia nyumba, hakutuangalia sisi. Alisema kwamba mwaka ule wa vita kule Mitwaba alirudi kumtafuta mama yake. Alikuta nyumba imebaki kuta tu, mabati yamebebwa. Mama yake alikuwa amelala nje ya mlango.

"Banasema niliona bulozi," alisema. "Miye hapana. Niliona ile. Sikuweza kulala karibu ya ile kintu."

Mimi niliyepiga kelele ya frigoliti lupango nzima isikie! Nilikuwa najitetea kwa shitaka ambalo yeye hakunishitaki kamwe. Machozi yalinitoka mbele ya wapangaji wote na sikujali. Nilisema, "Mama, unisamehe," na nilimaanisha kila herufi. Kisha nikachukua chupa ya gundi, nikapaka kuta zote nne, nikaliweka paa, nikalishikilia kwa mikono miwili mpaka likashika. Halitoki tena.

"Sasa tutacheza vipi?" mwalimu alininong'oneza.

Nikamjibu kwa sauti, ili mama asikie, kwamba askari watabaki barabarani, nje ya ukuta. Kazi yao itakuwa kuwafikisha watu makwao, msusi, kijana wa pikipiki, kila mtu mlangoni kwake, na atakayewafikisha wote ndiye mshindi. Mwalimu alikunja uso, akatupa dadu hewani mara kadhaa, akasema kihesabu inawezekana, na kwamba hata hivyo atanishinda.

Mama aliendelea kusimama. Nilimwambia kwamba jioni nitamtengeneza upya, nimketishe barazani kwake, kwenye kiti chake, na nguo nitapaka rangi tu.

"Hapana pale," alisema.

Alikuwa ameacha kuangalia meza. Alikuwa anamwangalia mke wangu, aliyekuwa ameegemea mlango wetu, na alimwangalia kama wanavyoangalia wanawake waliokwishazaa, kuanzia kiunoni kwenda chini. Kisha akainama juu ya lupango ya frigoliti, akatafuta vyumba vya wapangaji, akaupata mlango wetu uliokatwa kwenye boksi la kiberiti, akaweka kidole mbele yake.

"Niweke hapa," alisema. "Tumbo imeshuka, mutoto iko karibu. Uko unangoja nini? Fanya sasa."

Nikakunja waya palepale, mbele ya watu wote, na kabla nta haijapoa nilikuwa nimemsimamisha mlangoni kwetu.